Ndege Imefika

Mwezi uliopita tulimfanyia Mama Solange sherehe ya kutimiza miaka sabini, katika ukumbi wa chini wa kanisa lao huko Weston, Toronto. Siku yake halisi ya kuzaliwa haijui yeye wala mtu mwingine, kwa hiyo aliichagua mwenyewe, akachagua mwezi wa tano kwa sababu, alisema, hakuna mtu mwenye akili anayezaliwa kwenye theluji. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, kulikuwa na samaki wa kukaanga, kulikuwa na keki yenye picha yake ambayo wajukuu waligombania nani ale sikio. Mshereheshaji, kijana wa kwaya aliyevaa suti ya kubana, alipouliza ni nani humu ndani amemjua mama yetu kwa muda mrefu kuliko wote, nilisukumwa mpaka kwenye kipaza sauti kabla sijameza tonge. Nikasimama pale nikikohoa. Sijafungua hata mdomo, mwenye sherehe akasema kutoka kitini kwake, kwa sauti isiyohitaji kipaza, "Pili, sema yote, lakini ile habari ya ndege uiache." Basi tena. Kila aliye chini ya miaka arobaini akataka habari ya ndege, na mjukuu mmoja akawa anamvuta mama yake mkono akimuuliza kwa Kiingereza ni ndege gani huyo. Nikawasimulia kisa kingine, cha siku tulipofungiwa kwenye lifti na sufuria ya maharage, wakacheka wakaridhika. Kesho yake nilimpigia simu kumwomba ruhusa niiandike ile ya ndege. Nikasikia anatafuna kitu. "Andika," akasema, "lakini uandike na kosa lako." Nitaliandika.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, nami nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilifikaje Toronto na nilimwacha nani Morogoro, hayo ni marefu na hayahusiki hapa. Inatosha kusema nilikuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa katika fleti ya Mama Solange, ghorofa ya saba, kwenye jengo kuukuu la matofali ya kahawia lililosimama juu ya bonde la mto Humber, huko Weston. Hita ilikuwa na hasira zake: ama inatukaanga, ama inagoma kabisa, hivyo tuliishi jikoni, ambako jiko angalau lilikuwa na utu. Mama Solange alikuwa mtu wa Bukavu, wa miaka arobaini hivi, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, na alifanya kazi zamu ya mchana kwenye kiwanda cha mikate, ndiyo maana mpaka mapazia yetu yalinuka hamira. Jengo zima lilimwita Mama Solange. Jirani Mjamaika alimwita hivyo, na msimamizi wa jengo alidhani ndilo jina lililoko kwenye hati zake. Solange mwenyewe hakuna aliyekuwa amemwona. Alikuwa Bukavu, akilelewa na mdogo wake Mama Solange, na aliachwa huko akiwa na miaka mitano kwa sababu ambazo si zangu kuzisimulia. Sasa alikuwa na tisa. Karatasi zake za kuja zilikuwa zimekubaliwa. Barua ilisema mwezi wa tatu, pengine wa nne, na kwamba siku yenyewe ikijulikana Mama Solange atapigiwa simu na mzee wa kanisa aliyekuwa akilifuatilia jambo hilo, mmisionari mstaafu, Mzungu aliyewahi kuishi Zaire na kurudi na Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Mama Solange alikuwa amekwisha kununua koti la mtoto kwenye duka la mitumba, jekundu, lenye vifungo vya mbao. Lilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na kila alipopita alilifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Asubuhi nilikuwa nafanya kazi ghorofa ya tatu, kwa Mzee Karim. Alikuwa Mhindi wa Mwanza, Mwismaili, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli huko nyumbani enzi za ujana wake, na sasa alikuwa mjane mwenye nyonga mpya ya chuma na mwana daktari wa meno aliyekuja kila Jumapili kumkagua baba yake. Mimi nilipaswa kupika, kusafisha, na kumtembeza. Kupika hakuniruhusu, alisema Waswahili tunaharakisha vitunguu. Kusafisha kulikwisha kwa nusu saa. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ikawa kukaa naye kwenye roshani, tumejifunga mablanketi, yeye na darubini yake ya macho mawili, mimi na daftari, tukiangalia mtoni. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukufanya ulie. Aliniambia majina ya ndege wa Kanada kwa Kiswahili, akiyatoa alikojua mwenyewe. Yule mkubwa wa kijivu anayesimama majini kwa mguu mmoja alikuwa korongo, hilo halikuwa na ubishi. Ndege mweusi mwenye mabega mekundu, ambaye huja kabla barafu haijaisha na kukaa juu ya matete, yeye alimwita kweche, kwa sababu kule kwao, kwenye matete ya ziwani, kulikuwa na kweche mweusi mwenye mabega mekundu vilevile. Kitabu chake cha ndege kilisema jina jingine kabisa. Mzee Karim alikuwa akikiheshimu kitabu kile kwa picha tu.

Kiswahili chake kilikuwa tajiri wa maneno, lakini ngeli zote alikuwa amezitupa akabaki na moja. Kwake mtu iko, kitabu iko, mbwa inabweka, ndege inaruka. "Ndege yangu iko njiani, Pili," aliniambia tangu mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imefika magotini. "Sasa hivi imevuka mpaka, bila pasi." Nilimrekebisha mara moja tu, nikamwambia ndege wa mbawa husemwa yuko njiani, na ile ya abiria ndiyo iko njiani. Akanitazama juu ya miwani. "Ngeli ni kazi ya walimu," akasema. "Mimi nilikuwa nauza spoku." Tangu hapo nikawa namwigiza. Nilikuwa na kipaji hicho kibaya tangu shuleni, naweza kumshika mtu sauti kwa siku mbili. Jioni jikoni nilimwigiza Mzee Karim mbele ya Mama Solange, mgongo nimeupinda, sauti ya puani, nikitangaza kwamba bamia iko na hasira, sufuria iko na homa, naye alicheka mpaka akajishika kwenye friji. Hilo ni la kukumbuka, maana alicheka sana kipindi kile, na mimi niliona nimemfanyia wema.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa pili Mzee Karim alitualika kula wote wawili. Alipika kuku wa nazi na wali, akatandika kitambaa cha meza ambacho mkewe alikishona. Nilikuwa jikoni naosha vyombo nikawasikia wakizungumza mezani. "Baba, mimi minasema hii baridi haiishe," Mama Solange alisema, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, ambako wana ni bana na kuja ni kuya. "Banatudanganya. Bananiambia mutoto iko anakuya, hakuye. Bananiambia jua iko inakuya, haikuye." Mzee Karim hakumbembeleza. Alimwambia iko kitu moja hapa Kanada haijawahi kumdanganya, ndiyo kweche. Inakuja kabla ya majani, kabla ya jua, inakaa pale kwenye matete inapiga kelele kama mwenye nyumba. Siku ile ikija, baridi imeshindwa, hata kama theluji bado iko. "Basi ikikuya muniite," Mama Solange akasema. "Hata kama niko nalala, muniite." Nilitoka na kitambaa cha vyombo begani nikaahidi kwamba mimi mwenyewe nitamwita.

Kweche akaja katikati ya mwezi wa tatu, asubuhi ya saa mbili na nusu. Nilimsikia kabla ya kumwona, sauti ya kukwaruza halafu kengele, na Mzee Karim akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Pale chini, juu ya tete moja lililopinda, alikaa mweusi tii, akajitanua, mabega yake yakawaka. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Nilikuwa nimeishi miezi mitano katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa cheupe au kijivu, na nilikuwa nimeanza, bila kumwambia mtu, kuhesabu siku za kurudi kwetu. Ule wekundu mdogo ulinifanya nicheke kwa sauti. Mzee Karim alikuwa analia, bila aibu, na huku akinihimiza kuandika saa. Nikakimbilia simu. Mama Solange alipokea kwa sauti ya usingizi, na mimi, kwa furaha ile na kwa kichwa kile cha miaka ishirini na mbili, nikapinda mgongo, nikaingia puani, nikasema, "Mama Solange, ndege imefika. Iko hapa sasa. Kuja haraka." Nikakata kabla sijapasuka kwa kicheko. Kisha nikavaa viatu, nikashuka mtoni kumsubiri.

Nilisubiri karibu saa nzima. Nilidhani amerudi kulala. Nilipopanda ghorofa ya saba nilikuta mlango haukufungwa kwa ufunguo, na chumbani kwake blanketi limetupwa sakafuni, kabati la nguo limeachwa wazi. Nilicheka kidogo, nikaita. Halafu nikafunga mlango wa jikoni nipate kupita, nikaona msumari mtupu. Koti jekundu halikuwepo. Nilikaa chini sakafuni. Nakumbuka nilirudia maneno yangu kwa sauti, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha: ndege imefika, iko hapa, kuja haraka. Kwa sauti ya mzee. Kwa Kiswahili cha kuvunjika. Nilikuwa nimemwigiza Mzee Karim, lakini kwa mtu aliyetoka usingizini, aliyekaa wiki sita akisubiri simu, nilikuwa nimekuwa mmisionari.

Uwanja wa ndege kutoka Weston si mbali, ila siku ile basi lilikwenda kwa miguu. Nilimkuta mahali wanapotokea wageni, amesimama mbele kabisa kwenye kamba, amevaa gauni lake la kanisani chini ya koti la kazi, kichwani kilemba cha kitenge, na lile koti la mtoto amelishika mbele yake kwa mikono miwili, vifungo vimefunguliwa, tayari kuvisha. Milango ilifunguka, watu wakatoka na masanduku, ikafungwa. Aliponiona hakushangaa. "Bote bametoka," akaniambia. "Nimeuliza kwa Kifaransa, nimeuliza kwa Kiingereza. Banasema iko ingine saa nane. Tungoje." Ilinibidi nimwambie pale pale, watu wakipita na mikokoteni. Nilimwambia ilikuwa mimi. Nilimwambia ilikuwa kweche. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama mlango ukifunguka tena, akamtazama kila aliyetoka mpaka wa mwisho, kisha akaanza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kutoka juu. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma yake. Nimeona mengi tangu siku ile, nimefanya kazi hospitalini miaka ishirini na minne, lakini aibu niliyoiona kwenye kioo cha basi lile, usoni kwangu, sijaiona tena kwa ukubwa ule.

Siku kumi na moja hakusema nami. Si kwamba alininyima kitu. Alinipakulia chakula, akaweka sahani mbele yangu, akageukia dirisha. Nilimwomba radhi asubuhi, nikamwomba jioni, nikamwandikia hata barua nikaiweka chini ya chupa ya chumvi, nayo ikakaa hapo kama haijaandikwa. Mzee Karim nilipomweleza alisema tu, "Sauti yangu ilifanya kazi bila mimi," na siku ile hatukukaa roshani. Nilifikiri nitafute chumba kwingine. Siku ya kumi na mbili, nikiwa kwa mzee nafuta vumbi, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Solange, amevaa mabuti ya mpira na shuka begani, amekunja uso. Hakunisalimu. Alimpita mzee sebuleni kama mkaguzi wa serikali. "Baba," akasema, "nataka kuona hii ndege iliyonipeleka uwanjani na nguo ya kanisa." Mzee Karim akanyanyua fimbo yake. Tukashuka wote watatu, pole pole, nyonga ya chuma ikilalamika, na pale kwenye matete hawakuwa mmoja tena, walikuwa tisa, kila mmoja akitangaza kipande chake. Mama Solange alishika darubini akamwangalia mmoja kwa muda mrefu sana. "Ni hiki?" akauliza. "Kidogo hivi?" Kisha kicheko kikaanza, tumboni, kikapanda, mpaka akamrudishia mzee darubini asije akaiangusha. Miaka mingi baadaye nilimwambia kwamba laiti siku ile ningesema ndege amefika, kama nilivyofundishwa shuleni, yasingetokea yale. Akatikisa kichwa. "Hata ungesema amefika ningekimbia," akasema. "Wakati ule hata ungesema mvua imefika."

Tangu hapo tukawa watatu. Yeye zamu yake ilianza saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi zote zilikuwa zetu, na sijui kama nimewahi kuwa na asubuhi nyingine za namna ile. Mzee alikuwa na kiti cha kukunja, Mama Solange alibeba maandazi, mimi darubini na daftari. Tuliona barafu ikikatika mtoni kwa sauti ya sahani zinazovunjika. Tuliona bata bukini wakipita juu kwa mistari, wakibishana njia nzima, na Mama Solange akawa anawajibu. Tuliona kobe wa kwanza wamepanda kwenye gogo, watano, wamenyoosha shingo juani, na mbweha aliyetupita kwa heshima zote kama mtu anayewahi kazini. Chini ya miti yakatokea maua meupe ya petali tatu, kabla hata majani hayajafikiria kutoka. Mwezi wa nne mwishoni wakaja mbayuwayu, wakazunguka chini ya daraja la reli, na hapo sote watatu tukakubaliana bila kusita kwamba hawa tunawajua, hawa wametoka kwetu, huyu huenda alilala kwenye waya wa simu Mwanza mwezi wa pili. Tulijawa na fahari ya ajabu. Jioni nilisoma kitabu nikakuta mbayuwayu wa huku huenda Amerika ya Kusini, hata Afrika hawajui ilipo. Nilimwonyesha Mzee Karim ukurasa. Akausoma mara mbili, akafunga kitabu. "Kitabu imekosea," akasema, na Mama Solange akaunga mkono.

Solange alifika wiki ya pili ya mwezi wa tano. Safari hii mmisionari hakupiga simu, alikuja mwenyewe, kofia mkononi, na kusema kila kitu mara tatu. Tulikwenda uwanjani sote, Mzee Karim kwenye kiti cha magurudumu ambacho alikichukia. Mtoto alitoka akiwa amefuatana na familia moja ya Uvira, mwembamba, mrefu kuliko tulivyodhani, nywele zimesukwa upya kwa safari, begi limekumbatiwa kifuani. Mama Solange hakupiga kelele wala hakukimbia. Alikwenda akapiga magoti mbele yake. Mtoto akamwangalia vizuri, akafikiri, kisha akanyoosha mkono kwa adabu, kama alivyofundishwa kusalimu wakubwa. "Jambo, mama mukubwa," akasema. Nilikuwa karibu, nilisikia. Mama Solange akajibu, "Jambo, mwanangu," akamvuta, akamkumbatia, na mtoto akakubali kukumbatiwa. Mikono ya koti jekundu ilimfika viwikoni. Lilinunuliwa kwa kipimo cha mtoto wa miaka mitano, kwa sababu huyo ndiye mtoto aliyekuwa kichwani mwa mnunuzi.

Mzee Karim, aliyekuwa na kichwa cha duka, ndiye aliyenieleza baadaye, tukiwa wawili. Aliyemlea Bukavu, aliyemwogesha na kumpeleka shule, huyo ndiye mama. Na huyu hapa Toronto ni dada mkubwa wa yule. Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. "Mtoto haijakosea," akasema. "Hesabu yake iko sawa kabisa." Ndiyo iliyouma. Solange hakuwa mkorofi, hakuwa na kinyongo, alikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Mama mukubwa, naomba maji. Mama mukubwa, usiku mwema. Jengo zima likaendelea kuita Mama Solange, Mama Solange, kwenye lifti, kwenye ngazi, kwenye chumba cha kufulia, na Solange mwenyewe peke yake ndiye aliyeita vingine. Siku moja nikasema nitamwambia mtoto, taratibu tu, kwa upole. Mama Solange alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa. "Usimwambie. Na baba asimwambie. Neno la kuombwa silitaki." Akaendelea kukanda. Nami nilikuwa nimekwisha kujifunza mwaka ule kwamba si kila kilichoko mdomoni mwangu ni cha kusemwa.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, Jumamosi, tulishuka mtoni wote wanne. Juani kulikuwa na joto la kweli, watu wa Toronto wamevua kila walichoruhusiwa kuvua. Karibu na daraja la reli kulikuwa na uwanja wa kokoto, na Solange aliyekuwa ametangulia akasimama ghafla. Mbele yake ndege mmoja wa kahawia, mwenye pete mbili nyeusi kifuani, alikuwa akijiburuta chini, bawa moja limening'inia, akilia kwa uchungu wa kukata maini. Mtoto akamfuata amwinue. Ndege akajikokota mbele kidogo. Akamfuata tena. Mzee Karim akaanza kucheka kutoka kwenye kiti chake. "Wacha, binti, hiyo iko mwongo mkubwa," akasema. "Kitwitwi. Bawa yake nzima kabisa." Solange hakuelewa, macho yalikuwa yamejaa machozi. Mama Solange ndiye aliyesimama pale pale ndege alipoanzia, akaangalia miguuni kwake, akaangalia muda, kisha akamwita mtoto kwa kidole. Kati ya kokoto, yakifanana nazo kabisa, kulikuwa na mayai manne.

"Anajifanya mugonjwa ili umufuate yeye," akamwambia. "Anakuvuta uende mbali na bana yake."

Solange alichuchumaa bila kugusa. "Sasa amebaacha?"

"Hakubaacha."

"Lakini ameenda."

"Ameenda, ndiyo, njo vile. Tukikaa hapa hatarudi. Twende kule, tungoje."

"Na kama hatarudi?"

"Tutangoja wote," Mama Solange akasema. "Leo siendi kazi."

Hakuongeza neno. Mimi ningeongeza, na Mzee Karim nilimwona anajizuia. Tukarudi nyuma hatua thelathini hivi, tukakaa kwenye nyasi, Mama Solange akafungua kitambaa cha maandazi, na tukangoja kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kungoja ndege yeyote. Solange alishika darubini. Kitwitwi alirudi kwa mzunguko, akijidai anatafuta wadudu, hatua tatu, anasimama, hatua tatu, mpaka akafika kwenye mayai yake, akayakalia na kujitikisa. Mtoto alitoa pumzi ndefu. Alimpa mzee darubini, akasogea karibu na uwanja wa kokoto peke yake, akakaa kama mlinzi.

Ndipo wakatokea watoto wanne kwenye baiskeli, kutoka upande wa daraja, wakija moja kwa moja kwenye kokoto. Solange akasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha wiki mbili, maneno kama kumi, na yote yakamkimbia. Akatanua mikono njia nzima, akawapigia kelele kwa Kiswahili, sauti ambayo hatukujua anayo, "Musipite hapa! Kuko mayai! Mama amesema musipite! Mama amesema!"

Watoto wale hawakuelewa hata neno moja. Wakamtazama, wakatazamana, wakageuza baiskeli, wakapita juu kwenye majani.

Mama Solange alikuwa amekaa kando yangu, ameelekea mtoni. "Pili," akasema, mdomo hautikisiki sana. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usigeuke. Kula."

Nikala. Solange alirudi akihema, jasho limemtoka usoni, akajitupa kwenye nyasi katikati yetu na kuomba maji. Chupa ilikuwa mbele ya Mama Solange. "Mpe wewe," akaniambia, uso bado ameuelekeza mtoni.